Maswali ya Wasomaji: Transfoma, Fyuzi na Kinga za Umeme

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaoishi au kufanya kazi chini ya transfoma za mitaani na za vinu vidogo. Tumezijibu kwa namba pale namba zinapotoa hukumu. Jambo moja tuliseme mapema ili tusilirudie kila jibu: kazi yoyote ya upande wa msongo mkubwa ni ya watu wa shirika la umeme au fundi mwenye leseni ya daraja hilo, na hufanywa baada ya laini kukatwa, kupimwa kwamba haina umeme, na kufungwa erthi ya muda pande zote za eneo la kazi.

Tangu jana jioni mtaa wetu umegawanyika. Nyumba za upande wa barabara umeme uko sawa, sisi wa nyuma taa zinawaka nyekundu tu na friji inanguruma bila kuanza kazi. Fundi mmoja anasema nyutro imekatika, wa pili anasema ni fyuzi ya juu ya transfoma, wa tatu anasema ni fyuzi ya chini. Tutajuaje nani mkweli bila mtu kupanda nguzo? (Msomaji, Katoro, Geita)

Malitimita moja na jirani mmoja mwenye umeme wa fezi tatu vinatosha kumaliza ubishi huo. Tafuteni malitimita yenye alama ya CAT III (daraja la usalama la kupimia waya na paneli za jengo) na waya zake ziwe nzima. Kabla ya kupima, zimeni mota zote zilizo karibu: kinu, pampu, mashine za seremala. Mota iliyokuwa inazunguka fezi moja ikakatika huendelea kuzunguka kwa fezi mbili, na huku ikirudisha volti kwenye fezi iliyokufa. Ukipima hapo utasoma volti 150 hadi 200 mahali palipopaswa kusoma sifuri, na kila fundi atapata ushahidi wa kumpendeza.

Chukueni vipimo sita: kila fezi na nyutro, kisha fezi kwa fezi. Majibu yataangukia kwenye moja ya sura tatu.

Fyuzi ya chini, yaani ya msongo mdogo, ikikatika, fezi mbili zitasoma 230 hadi nyutro na ya tatu itakaribia sifuri. Fezi mbili nzima kati yao zitasoma 400. Fezi iliyokufa ukiipima na fezi nzima utapata karibu 230, kwa sababu taa na pasi za watu zimeiunganisha na nyutro. Anayeisoma hiyo 230 hudhani amepata umeme mzuri.

Fyuzi ya juu ikikatika, sura ni tofauti kabisa, kwa kuwa transfoma nyingi za mitaani zimefungwa delta upande wa juu (kila koili iko kati ya fezi mbili, kama pembetatu) na nyota upande wa chini (ncha moja ya kila koili inakutana na nyingine kwenye nyutro). Koili moja hubaki kati ya fezi mbili nzima na kutoa volti zake zote. Koili mbili nyingine hujikuta zimeungwa mfululizo na kugawana volti hizo hizo. Kwa hiyo fezi moja inasoma 230, na mbili zinasoma karibu 115 kila moja. Mzigo usipolingana, moja inaweza kusoma 80 na nyingine 150, lakini ukizijumlisha unarudi karibu na 230. Uthibitisho uko kwenye vipimo vya fezi kwa fezi: kati ya zile mbili hafifu utasoma volti chache sana, karibu na sifuri mzigo ukilingana, na kati ya fezi nzima na hafifu utasoma karibu 345. Hakuna hitilafu nyingine ya kawaida inayotoa namba hizo.

Nyutro ikikatika, vipimo vya fezi kwa fezi vinabaki 400 kana kwamba hakuna lililotokea, ila vya fezi na nyutro vinayumba kila mtu anapowasha au kuzima kitu. Hii ndiyo hatari kuliko zote. Chukua fezi moja yenye mzigo wa kilowati 4 na nyingine yenye wati 500. Nyutro ikiachia, mizigo hiyo miwili inabaki mfululizo kwenye volti 400: mwenye mzigo mkubwa anapata volti 44 hivi, mwenye televisheni na taa chache anapata zaidi ya 350. Aliyetumia umeme kidogo ndiye anayeunguliwa. Mara nyingi chanzo ni waya wa alumini uliobanwa moja kwa moja kwenye bushi ya kopa (ncha ya transfoma inayofungiwa waya) bila lagi, yaani kichwa cha waya, maalumu ya kuunganisha metali hizo mbili. Unyevu ukiingia, kiungo kinaoza, kinapata moto, kinaachia.

Kwa maelezo yenu, fezi moja nzima na nyingine hafifu zisizoyumba, tunamwelekea fundi wa pili. Wakati mnasubiri, zimeni friji na pampu kwenye swichi kuu. Taa kwenye volti 115 haidhuriki, lakini mota ya friji ikishindwa kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mpaka koili yake iungue. Mwenye mota ya fezi tatu afunge relei ya kupotea kwa fezi, irekebishwe ikate volti zikitofautiana kwa asilimia 10 hivi, kwa kuchelewa sekunde 3 hadi 5. Na mkipiga simu ya dharura, someni vipimo vyote sita. Kikosi kitakuja na uzi wa fyuzi wa saizi inayotakiwa, safari iwe moja.

Tuna transfoma yetu wenyewe, kVA 100, kilovolti 11 kwa volti 400. Kila masika uzi wa fyuzi wa 10K kwenye dropaut (kishikio cha fyuzi ambacho bomba lake hudondoka uzi ukikatika) unakatika mara kwa mara. Fundi ameshauri tuweke 30K, na wakati mmoja aliwahi kufunga waya wa kopa wa milimita 1.5 tukafanya kazi wiki nzima bila tatizo. Kuna ubaya gani? (Msomaji, kinu cha kukoboa, Moshi)

Wiki nzima bila tatizo maana yake ni wiki nzima bila kinga. Tuanze na hesabu ndogo. kVA 100 kwenye kilovolti 11 ni ampia 5.25 kila fezi. Upande wa chini ni ampia 144. Uzi wa 10K haukatiki kwenye ampia 10. Unaanza kuyeyuka kwenye ampia 19.5 zikidumu dakika 5. Hiyo ni mara 3.7 ya mzigo kamili wa transfoma yenu. Kwa hiyo hata uzi sahihi haulindi transfoma isizidiwe mzigo, wala haukuwekwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kuiondoa transfoma kwenye laini inapopata shoti, ndani yake au kwenye vituo vyake vya chini. Kuzidiwa mzigo ni kazi ya sakiti breka ya upande wa msongo mdogo: ya ampia 160, iliyorekebishwa kwenye 0.9, ambayo ni 144 kamili.

Uzi mdogo kuliko 10K haufai kwa sababu transfoma inapowashwa hunyonya mkondo wa sumaku unaofika mara 10 hadi 12 ya mkondo wake wa kawaida kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwenu ni kama ampia 63. Uzi wa 10K huhitaji 128 kuyeyuka kwa muda huo, kwa hiyo unavumilia.

Sasa hiyo 30K. Transfoma ya saizi yenu huwa na impidansi, yaani kizuizi chake cha ndani kwa mkondo, ya asilimia 4 hivi (namba yenyewe imechongwa kwenye kibati). Shoti ya fezi zote tatu chini yake huvuta ampia 131 upande wa juu. Lakini shoti inayotokea mara nyingi ni ya fezi moja na nyutro, na kwa delta-nyota hiyo huonekana juu kama asilimia 58 tu, yaani ampia 76. Uzi wa 10K huimaliza ampia 76 kwa chini ya sekunde moja. Uzi wa 30K huweza kuchukua sekunde 10 na zaidi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60076-5 kinataka transfoma istahimili shoti ya namna hiyo kwa sekunde 2. Fyuzi yenu mpya ingekatika baada ya transfoma kuungua.

Waya wa kopa ni mbaya zaidi. Waya wa milimita 1.5 za mraba huyeyuka kwenye ampia 130 hivi, na hauna ule mvuto wa springi unaoliachia bomba lidondoke. Ukiyeyuka ndani ya bomba, tao la moto linaweza kuendelea kuwaka, bomba lipasuke, na laini nzima izimike kituoni. Hapo jirani zenu wote watajua.

Swali lililobaki ndilo la maana: kwa nini 10K inakatika masika? Kagueni kwa mpangilio huu. Matawi yanayogusa waya za msongo mdogo, maana shoti za mara kwa mara huuchosha uzi bila kuukata, kisha siku ya radi ndogo unamalizika. Kinga radi iliyopasuka, ambayo huvujisha inapolowa. Bushi zenye ufa au vumbi la pumba lililoganda. Kwenye kinu hilo ni jambo la kutegemea, pumba kavu haina neno ila ikilowa inapitisha umeme. Halafu pima insulesheni: laini ikiwa imekatwa, kinga radi zimefunguliwa na nyutro imetolewa kwenye erthi, tumia mega (kipima insulesheni) ya volti 5,000 kati ya koili za juu na tangi, kisha kati ya juu na chini, kwa koili za chini na tangi tumia volti 500 au 1,000. Soma baada ya dakika moja kila kipimo. Transfoma nzima iliyopoa hutoa megaohmu mamia hadi maelfu. Ikishuka chini ya 100, mafuta yana maji au insulesheni imechoka.

Mwisho, pima uwiano. Unganisha volti 400 za fezi tatu kwenye bushi za juu, nazo za chini zikiwa wazi, usome za chini: 14.5 kati ya fezi, 8.4 kati ya fezi na nyutro, zote tatu zilingane, swichi ya tapu (inayobadilisha idadi ya mizunguko ya koili za juu) ikiwa katikati. Moja ikitofautiana, koili hiyo ina mizunguko iliyogusana. Usibadilishe pande hata kwa mzaha. Ukiweka volti 400 chini, juu zinatokea 11,000.

Stima hupotea kwetu kila radi ikipiga. Transfoma ya shule imeungua ingawa ilikuwa na kinga radi zote tatu. Kinga hizi ni za bure? (Msomaji, Kisii)

Si za bure, ila namna ya kuzifunga inaweza kuzifanya ziwe za bure. Nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria zina radi nyingi sana, na mahali panapoongoza Afrika nzima kwa vipimo vya setilaiti ni Kabare, mashariki mwa Kongo, kwa hiyo swali lako ni la ukanda mzima.

Transfoma ya kilovolti 11 hujengwa ivumilie pigo la radi la kilovolti 75 au 95. Kinga radi nzuri ya oksidi ya zinki, ikipitisha ampia 10,000 kwenda ardhini, huacha kilovolti 35 hivi juu yake. Ukiangalia hapo nafasi ni kubwa. Lakini waya nao una kizuizi chake kwa mkondo unaopanda ghafla: kila mita ya waya ulionyooka huongeza kilovolti 10 hivi, mkondo ukipanda ampia 10,000 kwa mikrosekunde moja. Fundi akifunga kinga radi juu kwenye mkono wa nguzo, akaiunganisha kwa waya wa mita 1 na nusu, kisha erthi yake ikashuka mita 2 na nusu kabla haijakutana na tangi, ni mita 4, yaani kilovolti 40 za ziada. 35 na 40 ni 75. Kinga radi imefanya kazi yake barabara na transfoma imekufa.

Kwa hiyo kinga radi zikae kwenye tangi lenyewe, kando ya bushi. Waya wa juu uwe mfupi kadiri ya uwezo, usikunjwe wala kuzungushwa kwa urembo; wengine huuviringisha kama springi wakidhani ni mapambo, kumbe wanaongeza kizuizi. Mguu wa chini wa kinga ufungwe kwanza kwenye tangi, halafu vyote viwili pamoja vishuke ardhini. Zikikaa baada ya dropaut, mkondo wa radi hupita kwenye uzi wa fyuzi, na transfoma ndogo zenye nyuzi nyembamba zitakatika fyuzi mara kwa mara. Tunaona ni gharama inayostahili: uzi ni rahisi kuliko transfoma.

Ziangalie kwa macho baada ya kila mvua kubwa. Aina nyingi zina kifaa chini kinachojiachia kinga ikifa, na waya wa erthi hubaki ukining'inia. Ukiuona hivyo, fezi hiyo haina kinga tena ingawa umeme unaendelea. Kuurudisha waya ule mahali pake hakuifufui kinga, kunaleta shoti.

Kuhusu erthi: kwenye udongo wa ohmu-mita 100, rodi moja ya milimita 16 iliyozama mita 1.5 hutoa ohmu 60 hivi. Izamishe mita 3, inashuka hadi 33 au 34. Ukishindwa kwenda chini kwa sababu ya mwamba, ongeza rodi nyingine, lakini ziachane angalau urefu wa rodi moja, la sivyo ya pili haikuongezei kitu cha maana.

Friji yangu inapiga shoti nikiigusa miguu ikiwa tupu. Sakiti breka ya ampia 16 ipo na rodi ya erthi ipo. Kwa nini haikati? (Msomaji, Unguja)

Kwa sababu mkondo unaovuja hautoshi kuiamsha. Nyumba inayotegemea rodi yake yenyewe hurudisha mkondo kwa kupitia udongo hadi erthi ya transfoma. Tuseme rodi yako ni ohmu 40 na ya transfoma ni 5. Volti 230 kugawa kwa 45 ni ampia 5.1. Sakiti breka ya 16 huona ampia 5 ni mzigo wa kawaida. Itakaa mwaka mzima bila kukata. Wakati huo bodi ya friji ina volti 204. Waya wa erthi haujakuokoa, umeisambaza hatari kwenye kila chombo chenye bodi ya chuma kilichounganishwa nao.

Kinachotakiwa ni kifaa chenye maandishi RCD, cha miliampia 30, kifungwe baada ya swichi kuu. Hiki hulinganisha mkondo unaoingia kwa fezi na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampia 30, kinakata ndani ya sehemu ya tatu ya sekunde. Kwa rodi yako ya ohmu 40, kitakata kabla bodi haijafika hata volti 2.

Mafundi wengi hukiondoa baada ya wiki kwa madai kwamba "kinasumbua". Mara nyingi kinachosumbua ni nyutro ya saketi moja iliyofungwa kwenye baa ya erthi, au nyutro za saketi mbili zilizochanganywa kwenye boksi la swichi. Chomoa vyombo vyote, toa nyutro kwenye baa, pima kila moja kwa mega ya volti 500 dhidi ya erthi. Inayosoma chini ya megaohmu 1 ndiyo mkorofi. Kitufe chenye herufi T kibonyezwe kila baada ya miezi mitatu hivi, ila kijue mpaka wake: kinapima kifaa chenyewe, hakipimi rodi wala waya za nyumba.

Na friji hiyo ichomoe leo.

Nataka kubadilisha ampimita iliyokufa kwenye paneli ya kiwanda. Inatumia CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo) ya 400/5, yaani ampia 400 za waya mkubwa huonekana kama 5. Naweza kuifungua mashine zikiwa kazini? (Msomaji, Thika)

Ukiifungua bila kwanza kuunganisha vituo viwili vya CT, S1 na S2, kwa kipande cha waya wa milimita 2.5 au 4, unaweza kuuawa na kifaa kinachoonekana ni cha ampia 5 tu. Mkondo wa waya mkubwa unaamuliwa na mashine za kiwanda, haujali ampimita yako. Wakati njia ya upande wa pili iko wazi, mkondo wote ule hugeuka kuwa sumaku ndani ya kiini, na ncha zilizo wazi zinaweza kutoa volti maelfu. Insulesheni inatoboka na CT inawaka.

Mpangilio: funga shoti S1 na S2 kwenye ukanda wa vituo, siyo nyuma ya ampimita. Hakikisha kwa ampimita ya kubana kwamba mkondo unapita kwenye kipande hicho. Ondoa ampimita, funga mpya, kisha toa kipande. Ncha moja ya S ibaki kwenye erthi wakati wote. Paneli nyingi zina vituo maalumu vyenye daraja la kutelezesha kwa ajili ya kazi hii. Kama yenu haina, ni wakati wa kuviweka. Usiweke fyuzi kwenye saketi ya CT kamwe.

Kuna watu wanauza mafuta ya transfoma kwa wakaangaji na kwa wachomelea vyuma. Wengine wanapaka vidonda. Ni kweli yana dawa? (Msomaji, Nakuru)

Hayana dawa yoyote. Ni mafuta yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, yaliyosafishwa ili yazuie umeme kupita na yabebe joto. Mkaangaji huyapenda kwa sababu hayafuki moshi upesi wala hayaishi haraka, sifa zile zile zilizowafanya wahandisi wayachague.

Kwa vifaa vya zamani kuna sumu ya ziada iitwayo PCB, iliyotumiwa duniani kote kabla ya kupigwa marufuku. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliweka 2025 kuwa mwisho wa kuitumia kwenye vifaa, na 2028 mwisho wa kushughulikia taka zake. Huwezi kuijua kwa rangi, harufu wala kuonja. Maabara pekee hupima. Kuchemsha na kuchuja hakuiondoi. Hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka, hupita kwenye maziwa ya mama, na inahesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Mafuta yenye PCB yakiungua hutoa sumu kali kuliko PCB yenyewe, kwa hiyo mchomeleaji anayejaza mashine yake mafuta asiyoyajua naye yumo. Mashine yake inaweza kupozwa kwa feni.

Upande wa transfoma, iliyoibiwa mafuta haifi usiku huo huo. Mzigo wa asubuhi ni mdogo, itavumilia. Jioni watu wanapowasha majiko, koili zilizobaki wazi juu ya mafuta zinapata joto, insulesheni ya karatasi inaungua, na mtaa unalala gizani kwa wiki. Transfoma ndogo ya nguzo haina kinga inayoona mafuta yakishuka. Fyuzi haioni, sakiti breka haioni. Relei ya Buchholz, iliyobuniwa na Mjerumani Max Buchholz 1921, huona, lakini hufungwa kwenye transfoma kubwa zenye tangi la akiba juu. Kwa hiyo mkiona kioo cha kina kimeshuka au doa jipya la mafuta chini ya nguzo, toeni taarifa mchana huo huo.

Volti zetu jioni ni 205 hadi 210. Transfoma ni ya kiwanda chetu, tapu iko namba 3. Tupandishe kwenda 1 au tushushe kwenda 5? (Msomaji, Morogoro)

Kwenda 5, na wengi hukosea hapa. Kwa mpangilio wa kawaida, kibati kinasomeka: 1 ni 11,550, 2 ni 11,275, 3 ni 11,000, 4 ni 10,725, 5 ni 10,450, zote zikitoa 400. Namba ya volti ikishuka, mizunguko ya juu imepungua, na volti za chini zinapanda. Kila hatua ni asilimia 2.5, sawa na volti 5 au 6 kwa fezi. Thibitisheni na kibati chenu kwanza, kwa sababu watengenezaji wachache hugeuza namba.

Kabla ya kugusa, pimeni pia saa 8 usiku. Kama usiku mnasoma 235, hatua mbili zitawapeleka 247. Bado ni chini ya 253 ambayo ni 230 na asilimia 10. Kama usiku mnasoma 245, acheni tapu, tatizo ni waya mwembamba au mzigo mzito wa jioni. Swichi hii haigeuzwi umeme ukiwepo, hata kama mzigo umezimwa. Ikishakatwa na kufungwa erthi, izungusheni toka 1 hadi 5 na kurudi mara kadhaa ili kusugua kutu la vituo, muiweke, muifunge pini yake, kisha mpime uwiano kwenye fezi zote tatu kabla ya kuwasha.

Transfoma ya kVA 50 itaweza mota ya kinu ya kilowati 22? (Msomaji, Songea)

Kuibeba itaibeba, maana mota huchukua ampia 42 hivi na transfoma inatoa 72. Kuiwasha ndiko kwenye shida. Ikiwashwa moja kwa moja inavuta karibu 250, na volti zinashuka kwa asilimia 14 kwenye transfoma peke yake kabla hujahesabu waya. Tumieni kiwashio cha nyota-delta, mkondo unashuka hadi theluthi na upungufu unakuwa chini ya asilimia 5. Kinu kiwashwe kikiwa kitupu.

Silika jeli ya transfoma yetu imekuwa ya pinki. (Msomaji, Tanga)

Silika jeli ni zile punje zinazokausha hewa inayovutwa na transfoma; yenu imeshiba unyevu. Kama ilikuwa ya bluu ina kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo vaa glovu na usiikaushe kwenye oveni ya chakula. Ikaushe kwenye nyuzi 120 hadi 130 mpaka irudi bluu, au weka mpya ya rangi ya machungwa isiyo na kobalti. Jaza pia mafuta kwenye kikombe cha chini hadi mstari. Kikiwa kikavu, hewa ya pwani inaingia moja kwa moja na jeli mpya itakuwa pinki ndani ya muda mfupi. Kama hamjui imekaa pinki kwa muda gani, chukueni sampuli ya mafuta kutoka valvu ya chini ipimwe uvumilivu wa volti. Chini ya kilovolti 30 kwenye pengo la milimita 2.5, mafuta yachujwe kabla ya masika.